Pumu iliyokataa pampu: kisa cha kipokezi kimoja na protini G yake

Kisa hiki ni cha kufundishia. Mgonjwa wake si mtu mmoja halisi. Nimemuunda kutokana na mambo yanayojirudia kwa wagonjwa wa pumu, ili tufuate jambo moja kuanzia kifuani hadi kwenye utando wa seli. Vipimo vyake ni vya kisa, lakini dawa, dozi na mwenendo wa seli ni kama unavyojulikana kitabibu.

Mwalimu wa shule ya msingi, miaka 31, ana pumu tangu utotoni. Dawa yake ni moja tu: pampu ya bluu ya salbutamoli, yenye mikrogramu 100 kwa kila mpulizo. Zamani kopo moja lilimfikisha miezi mingi. Mwaka huu kopo la mipulizo 200 linaisha kabla ya mwezi kwisha. Aliwahi kuandikiwa pampu ya steroidi ya kuvuta kila siku, akaiacha kwa sababu haikumpa nafuu ya papo hapo kama ile ya bluu.

Siku chache kabla ya kuugua vibaya, mikono ilianza kumtetemeka akiandika ubaoni, na moyo ukawa unamwenda mbio. Akapita duka la dawa jirani na nyumbani, akaeleza habari za mikono na moyo. Hakuulizwa kama ana pumu, naye hakuitaja, maana hakuona uhusiano wowote. Akapewa propranololi ya miligramu 40, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni. Moyo ukatulia kweli. Mikono nayo ikatulia. Usiku wa siku ya pili akaamka kifua kimebana, akapuliza pampu, akapuliza tena na tena, na kifua hakikufunguka.

Alfajiri wifi yake akamfikisha kituo cha afya. Hawezi kumaliza sentensi moja bila kukatiza kuvuta pumzi. Anapumua mara 32 kwa dakika, kifua kinapiga filimbi pande zote mbili, oksijeni katika damu ni asilimia 88, mapigo ya moyo ni 78 kwa dakika. Akawekewa oksijeni na salbutamoli miligramu 5 kwa nebulaiza, mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta. Baada ya dakika 20 hali ni ile ile. Akarudiwa dozi, na nafuu ikawa ndogo sana.

Namba ya kutazama sana hapo ni ile ya mwisho. Mtu mzima mwenye shambulio kali la pumu, aliyekosa usingizi, mwenye hofu, oksijeni imeshuka, amepuliza pampu usiku kucha, kisha akapewa miligramu 10 za salbutamoli kwa nebulaiza: moyo wake unapaswa kupiga zaidi ya 110, mara nyingi zaidi ya 120. Sabini na nane ni mapigo ya mtu aliyekaa barazani. Anayesoma fomu kwa haraka anaweza kuifurahia namba hiyo na kuandika kwamba shambulio si kali. Tabibu wa zamu hakuifurahia.

"Mwalimu, kuna dawa nyingine unayomeza? Hata ya kichwa, hata ya presha?"

Mwalimu akatikisa kichwa. Wifi ndiye aliyefungua mkoba.

"Labda hivi vya moyo, dokta. Ameanza juzi."

Vidonge vitatu vilikuwa vimekwisha kutolewa kwenye karatasi yake.

Kipokezi na protini iliyo chini yake

Katika misuli laini inayozunguka vijia vya hewa kuna kipokezi, yaani protini inayopokea ishara kutoka nje ya seli, kiitwacho beta-2. Ni mnyororo mmoja wa asidi amino 413, nao unapenya utando wa seli mara saba, ndani na nje, kama uzi wa mshona mkeka. Sehemu zinazopenya zimesimama kama nguzo saba, na katikati yao, upande wa nje wa seli, kuna kijishimo. Humo ndimo adrenalini ya mwili huingia, na ndimo salbutamoli huingia pia. Binadamu ana karibu jeni 800 za vipokezi vya umbo hili, na kiasi cha theluthi ya dawa zilizoidhinishwa hufanya kazi kupitia kwao. Vidonge vingi vya presha, dawa nyingi za mzio na dawa za maumivu za jamii ya mofini zinapita kwenye nguzo saba kama hizi.

Chini ya utando, upande wa ndani, imekaa protini G. Ina sehemu tatu: alfa, beta na gama. Beta na gama hazitengani. Alfa ndiyo yenye mfuko wa kubebea molekuli ndogo, na wakati wa utulivu molekuli hiyo ni GDP. Ikiwa na GDP, alfa imeshikamana na beta na gama, na hakuna inachofanya. Ikiiachia GDP na kupata GTP, jamaa yake yenye fosfeti moja zaidi, inabadilika umbo, inaachana na wenzake, na inakwenda kufanya kazi. Seli ina GTP nyingi kuliko GDP mara kadhaa, kwa hiyo mfuko ukibaki wazi, kinachoingia kwa kawaida ni GTP. Kikwazo ni kuiachia GDP tu. Alfa ikiachwa peke yake huing'ang'ania kwa dakika nyingi.

Kazi ya kipokezi ni kukiondoa kikwazo hicho. Inafaa kulikazia jambo hili, kwa sababu wanafunzi wengi hudhani kipokezi kinapitisha dawa ndani ya seli, au kinaipa protini G nishati, au kinaikabidhi GTP. Hakifanyi lolote kati ya hayo. Salbutamoli inapokaa kwenye kijishimo cha nje, nguzo ya sita inapinda, na ncha yake ya ndani inasogea nje. Hapo nafasi inafunguka upande wa ndani wa kipokezi, mkia wa alfa unaingia humo, na kuingia huko kunatikisa mfuko wa alfa hadi GDP inatoka. GTP inaingia. Alfa inakiachia kipokezi, nacho kipo tayari kuishughulikia protini G nyingine. Dawa yenyewe imebaki nje ya seli muda wote.

Tunayajua haya kwa undani kwa sababu mwaka 2011 kikundi cha Brian Kobilka wa Stanford kilichapisha katika jarida la Nature picha ya kipokezi cha beta-2 kikiwa kimeshikana na protini Gs, aina ya protini G ambayo kipokezi hiki huiamsha. Kuipata picha hiyo kulihitaji subira kubwa. Kipokezi na protini G hushikana kwa muda mfupi sana, kisha GTP huwatenganisha. Ilibidi waondoe kabisa GDP na GTP, watumie dawa inayong'ang'ania kipokezi, na waizuie protini G isicheze kwa kutumia kingamwili ndogo iliyotokana na mnyama lama. Picha ilipotoka, ncha ya ndani ya nguzo ya sita ilionekana imesogea nje nanometa 1.4, na nusu mbili za alfa zimeachana wazi, mfuko mtupu katikati. Mwaka uliofuata Kobilka na Robert Lefkowitz walipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia.

Alfa ya Gs ikishapata GTP inakwenda kwenye kimeng'enya kilicho kwenye utando huo huo, adenilili saiklasi. Kimeng'enya hiki kinageuza ATP, molekuli ya nishati ya seli, kuwa AMP ya mviringo, inayoandikwa cAMP. Hii cAMP inaamsha kimeng'enya kingine, kinasi A, nacho kinaweka fosfeti kwenye protini kadhaa za msuli: kalsiamu ndani ya seli inashuka, mashine ya kukaza msuli inapunguzwa nguvu, msuli unalegea, kijia cha hewa kinapanuka. Kisha alfa, ndani ya sekunde kadhaa, inaikata GTP yake kuwa GDP na kurudi kwa beta na gama. Kujizima huku ni kwa lazima. Sumu ya kipindupindu inatuonyesha kwa nini: inaibadilisha alfa ya Gs kwenye seli za utumbo isiweze kuikata GTP, cAMP inapanda bila kikomo, na chumvi na maji yanamiminika utumbo mzima. Ni protini ile ile ya kwenye kifua cha mwalimu, mahali pengine pa mwili, ikiwa imekatazwa kulala.

Majaribio mawili yanayokieleza kisa hiki

Kabla ya miaka ya 1970 watu wengi walidhani kipokezi na adenilili saiklasi vinagusana moja kwa moja. Earl Sutherland alikuwa ameshaigundua cAMP katika miaka ya 1950, akifuatilia jinsi adrenalini na glukagoni zinavyolifanya ini litoe sukari, na Nobeli yake ilikuja 1971. Lakini kati ya homoni iliyo nje na cAMP iliyo ndani palikuwa na pengo.

Martin Rodbell, akiwa Bethesda huko Marekani, alifanya kazi na utando wa seli za ini la panya na homoni ya glukagoni. Matokeo yake yalikuwa yakitegemea ATP aliyoitumia, mpaka ikabainika kwamba ATP ile ilikuwa imechanganyika na GTP kidogo. GTP ndiyo iliyohitajika ili homoni iamshe kimeng'enya. Kwa hiyo palikuwa na mshenga katikati, na mshenga huyo alitaka GTP.

Alfred Gilman na wenzake, Virginia, walimpata mshenga mwenyewe. Walitumia seli za saratani ya limfu ya panya ambazo zilikuwa na aina moja iliyoharibika. Seli hizo zilikuwa na vipokezi vya beta. Kimeng'enya cha kutengeneza cAMP nacho, kama ilivyodhihirika baadaye, kilikuwapo kizima. Hata hivyo ukiziwekea dawa ya kuamsha beta, cAMP haipandi. Walipochukua protini kutoka kwenye seli nzima na kuziongezea kwenye utando wa zile mbovu, mwitikio ukarudi. Kufikia 1980 protini hiyo ilikuwa imesafishwa ikapatikana peke yake: ndiyo Gs. Rodbell na Gilman walipewa Nobeli mwaka 1994.

Nimeleta seli za Gilman hapa kwa sababu zinafanana na kifua cha mwalimu kwa matokeo, huku chanzo kikiwa kinyume. Seli za Gilman zilikuwa na kipokezi na kimeng'enya bila mshenga. Seli za mwalimu zina mshenga na kimeng'enya, vyote vizima, na hata kipokezi kipo. Kilichotokea ni kwamba kipokezi kimekaliwa na kitu kisichokipindisha.

Propranololi ndani ya kijishimo

Raymond Ahlquist alipendekeza mwaka 1948 kwamba adrenalini ina aina mbili za vipokezi, akaziita alfa na beta. (Majina haya hayahusiani na sehemu za protini G, na ni bahati mbaya kwa kila mwanafunzi kwamba herufi zimegongana.) James Black, daktari kutoka Scotland, akalitumia wazo hilo katika miaka ya 1960 kutengeneza propranololi kwa ajili ya wagonjwa wa moyo wenye maumivu ya kifua. Ilikuwa dawa kubwa, na Nobeli aliyopata 1988 ilimstahili. Lakini propranololi haibagui. Inashika beta-1, aina ya kipokezi cha beta iliyo moyoni, na inashika beta-2 ya vijia vya hewa kwa nguvu ile ile au zaidi.

Inakaa kwenye kijishimo kile kile cha salbutamoli. Tofauti ni kwamba ikishakaa, nguzo ya sita haipindi. Upande wa ndani unabaki umefungwa, mkia wa alfa hauna pa kuingia, GDP inabaki mfukoni. Kipokezi kisicho na dawa yoyote hujipinda chenyewe mara moja moja na kuamsha protini G kidogo, na propranololi inapunguza hata hicho kidogo.

Je, salbutamoli haiwezi kuiondoa? Inaweza, kwa sababu zote mbili hukaa na kutoka, hakuna iliyogandishwa. Shida ni uwiano. Propranololi inashikamana na kipokezi hiki kwa nguvu ambayo ni mamia ya mara zaidi ya ile ya salbutamoli. Ili salbutamoli ishinde nafasi, lazima iwe nyingi kupita kiasi cha kawaida karibu na seli, na inapaswa kufika huko kupitia vijia ambavyo tayari vimebana na kujaa makamasi. Kuongeza nebulaiza ya pili na ya tatu ni sahihi, wala isikatishwe. Kuitegemea peke yake ndilo kosa.

Mapigo 78 nayo yanaelezeka sasa. Moyo huongezwa mwendo na beta-1, ambayo nayo inatumia Gs na cAMP. Propranololi imeikalia. Adrenalini ya hofu ipo kwenye damu, salbutamoli ipo, ishara haipiti. Kwa hiyo kipimo tunachokitumia kila siku kujua ukali wa shambulio kilikuwa kimenyamazishwa na dawa ile ile iliyoleta shambulio. Ukali ulibaki kusomeka kwenye pumzi 32, kwenye oksijeni 88, na kwenye sentensi zilizokatika.

Turudi nyuma kidogo, kwenye mikono iliyotetemeka. Misuli ya mikono ina beta-2 pia, na kutetemeka ni athari inayojulikana ya salbutamoli nyingi. Moyo kwenda mbio ni vivyo hivyo. Mwalimu alikuwa akipuliza mara nyingi kwa sababu pumu yake haikuwa imedhibitiwa, pampu ikamtetemesha, akapewa kidonge cha kuondoa mtetemo, kidonge kikaifunga pampu. Kila hatua, ukiitazama peke yake, ina mantiki yake, na kila mmoja alitibu alichokiona. Ndiyo maana siwezi kumlaumu mtu mmoja, ingawa swali moja, "Una pumu?", lingeukata mlolongo wote.

Vipi kuhusu kipokezi kilichochoka?

Wapo watakaosema salbutamoli ilishindwa kwa sababu mwalimu ameizoea. Hoja hii ina ukweli ndani yake, na inatokana moja kwa moja na jinsi kipokezi kinavyoshughulika na protini G.

Alfa inapoondoka na GTP yake, beta na gama zinabaki kwenye utando zikiwa huru. Pamoja na kazi zao nyingine, zinakiita kimeng'enya kiitwacho GRK2 kije kwenye utando. GRK2 inaweka fosfeti kwenye mkia wa ndani wa kipokezi kilichoamshwa. Fosfeti zikishawekwa, protini nyingine, arestini, inashika kipokezi upande ule ule ambako alfa ilikuwa ikiingia. Nafasi imezibwa kwa ndani. Kisha kipokezi kinavutwa ndani ya seli, ama kisafishwe na kurudishwa, ama, ikiwa msukumo umekuwa wa siku nyingi, kivunjwevunjwe. Kwa hiyo kila mara kipokezi kinapoamsha protini G, ishara ya kukizima huanza papo hapo. Hakuna kasoro hapo: seli isiyojipunguzia ingechomwa na adrenalini ya kila siku.

Kwa mtu anayemaliza kopo kwa mwezi, vipokezi vinavyobaki juu ya utando vinapungua, na kinga ambayo salbutamoli inatoa dhidi ya vumbi, moshi au mazoezi inashuka kuliko inavyoshuka nguvu yake ya kufungua kifua. Lakini kuchoka huku huja polepole, na ni mara chache kuifanya salbutamoli ya nebulaiza ikose kazi karibu kabisa. Mwalimu aliishi na pampu yake miezi yote, ikimsaidia nusu nusu. Ilikataa katika siku mbili za propranololi. Hukumu yangu ni kwamba propranololi ndiyo iliyofunga mlango, na uchovu wa vipokezi ulimwachia akiba ndogo ya kustahimili. Kuna na la tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote kwa muda mrefu: ukuta wa vijia vyake ulikuwa umevimba na kutoa makamasi, na hilo salbutamoli hailigusi hata kipokezi kikiwa kizima.

Kupita njia nyingine

Tabibu alipoona vidonge, alibadili mpango. Aliendelea na oksijeni na salbutamoli, akaongeza ipratropiamu miligramu 0.5 kwenye nebulaiza, haidrokotisoni (steroidi) kwa mshipa, kisha magnesiamu salfeti gramu 2 kwa mshipa, taratibu kwa dakika 20.

Ipratropiamu ndiyo ninayoipenda zaidi katika kisa hiki. Misuli ile ile ya vijia vya hewa ina kipokezi kingine chenye nguzo saba, M3, kinachopokea asetilikolini kutoka kwenye neva ya vagasi. M3 haishughuliki na Gs. Inashughulika na protini G ya aina nyingine, Gq, kwa utaratibu ule ule: nguzo inapinda, GDP inatoka, GTP inaingia. Lakini alfa ya Gq inakwenda kwenye kimeng'enya kiitwacho fosfolipasi C, nacho kinasababisha kalsiamu imwagike ndani ya seli. Kalsiamu ikipanda, msuli unakaza. Histamini na lukotrieni, zinazomwagwa wakati wa mzio, hukaza msuli kwa njia ya Gq pia. Kwa hiyo ndani ya seli moja ya msuli, Gs inavuta kuelekea kulegea na Gq inavuta kuelekea kukaza.

Propranololi haikuishia kuinyima nguvu Gs. Neva ya vagasi yenyewe ina vipokezi vya beta-2 mwishoni mwake, vinavyopunguza asetilikolini inayotolewa. Vikikaliwa na propranololi, asetilikolini inaongezeka. Upande wa kulegeza umefungwa, na upande wa kukaza umeongezewa mafuta. Ipratropiamu inaikalia M3 na kuzuia Gq isiamshwe, bila kuhitaji ruhusa ya kipokezi cha beta. Hapo ndipo mwalimu alipoanza kupata pumzi.

Magnesiamu inafanya kazi chini zaidi: inapunguza kalsiamu inayoingia kwenye msuli, kwa hiyo haijali kipokezi gani kimekaliwa. Aminofilini, ambayo bado iko kwenye makabati ya vituo vingi, ilijadiliwa ikaachwa, na nakubaliana na uamuzi huo. Pamoja na mambo mengine inazuia vimeng'enya vinavyoivunja cAMP. Lakini ikiwa cAMP haitengenezwi, hakuna cha kutosha cha kuhifadhi, huku hatari ya degedege na moyo kuvurugika ikibaki pale pale.

Kuna dawa moja ambayo kituo hakikuwa nayo na inastahili kutajwa kwa sababu inathibitisha hoja. Glukagoni, homoni ile ya Rodbell, ina kipokezi chake chenyewe, nacho kinaamsha Gs. Ndiyo maana katika hospitali kubwa hutumiwa kwa mtu aliyemeza propranololi nyingi na moyo wake ukalegea: inaingia kwa mlango wake, inaikuta Gs ile ile ikiwa nzima inasubiri, cAMP inapanda. Propranololi haiharibu protini G. Inainyima tu wa kuiamsha.

Steroidi inachukua saa kadhaa, na wagonjwa huiona dhaifu kwa sababu hiyo. Inaingia hadi kwenye kiini cha seli na kubadili jeni zinazosomwa. Uvimbe unapungua, na miongoni mwa jeni zinazoongezewa kazi ni jeni ya kipokezi cha beta-2 chenyewe. Mwalimu aliyeacha pampu ya steroidi kwa sababu haimpi nafuu ya papo hapo alikuwa ameacha dawa inayojaza tena vipokezi ambavyo pampu ya bluu inavitegemea.

Baada ya hapo

Ndani ya saa chache alikuwa akiongea sentensi nzima, na oksijeni ilifika asilimia 94. Mapigo yake yalianza kupanda kadiri propranololi ilivyotoka mwilini, na ilibidi wauguzi waelezwe kwamba kupanda huko kunatarajiwa. Nusu ya propranololi huondoka kwenye damu kwa saa 3 hadi 6, kwa hiyo alilazwa kuangaliwa hadi kesho yake. Dozi ya salbutamoli iliyofuata, jioni, ilimfungua kifua kama zamani.

Aliruhusiwa na prednisoloni, steroidi ya vidonge, miligramu 40 kwa siku, kwa siku 5, na pampu yenye budesonidi (steroidi ya kuvuta) na formoteroli pamoja. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haupendekezi tena mtu mzima au kijana mwenye pumu atibiwe kwa pampu ya bluu peke yake, na unahesabu makopo 3 au zaidi kwa mwaka kuwa dalili ya hatari ya mashambulio, na 12 au zaidi kuwa hatari ya kifo. Mwalimu alikuwa amelifikia la pili. Formoteroli ni ya kuamsha beta-2 vile vile, ila katika pampu hii hawezi kuivuta bila steroidi kuingia pamoja nayo. Kwa ambaye pampu ya mchanganyiko haipatikani au bei yake haibebeki, beklometasoni, steroidi nyingine ya kuvuta kila siku, ipo katika vituo vingi, na inaweza pia kuvutwa kila anapolazimika kupuliza ile ya bluu.

Kwenye daftari lake la kliniki, ukurasa wa kwanza, yaliandikwa kwa kalamu nyekundu majina ya dawa asizopaswa kupewa bila daktari kujua pumu yake: propranololi na jamaa zake wote wanaoishia na "-ololi", pamoja na timololi, ambayo mara nyingi husahaulika kwa kuwa ni ya matone ya macho kwa wenye presha ya macho. Tone lake hupita kutoka jichoni hadi puani, linaingia kwenye damu, na linakikuta kipokezi kile kile kifuani. Wifi aliisoma orodha hiyo mara mbili, akauliza kama mama yao, anayetumia matone ya macho na ambaye siku hizi anakohoa usiku, anaweza kuletwa Jumatatu. Tabibu akaandika jina lake kwenye orodha ya kliniki.